Breki za Shemeji

Breki zilipokataa kwa mara ya tatu, Mama Pacha alikuwa kiti cha mbele na watoto wake nyuma wakigombania dirisha. Mumewe alikanyaga pedali, ikazama mpaka chini kama mguu kwenye matope. Gari likaenda kujikita kwenye rundo la mchanga wa watu waliokuwa wakijenga, na mchanga huo ndio uliowaponya. Pacha walicheka, wakidhani baba yao anafanya mchezo.

"Leo basi," alisema Mama Pacha. "Lipeleke kwa fundi mwingine."

"Mdogo wangu yupo, nikampe mtu baki?" Baba Pacha alijilazimisha kucheka. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Litabakiza nini? Kandambili?"

Huyo mdogo wake, mtaa mzima ukimwita Spana, alikuwa na gereji ya mabati mbele ya nyumba ya mama yao. Mara ya kwanza alibadilisha pedi. Mara ya pili akatoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki, akajaza mafuta mapya ya breki. Kila mara alijifuta mikono, akasema, "Limepona hilo, shemeji." Na kweli, siku chache breki zilikamata, mpaka unaona haya kwa kumshuku. Hakuwa mvivu wala tapeli. Hakujua tu, na katika ukoo ule hakuna aliyekuwa na ulimi wa kumwambia.

Safari hii alibadilisha pampu ya breki. Akalizungusha gari uani, likasimama vizuri, akawaita waje walichukue.

"Sipandi," alisema Mama Pacha. "Wala wanangu hawapandi."

Mama mkwe alikuwa mlangoni anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Kwa hiyo mwanangu ni muuaji?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema. Umefumba mdomo tu."

Baba Pacha alitazama viatu vyake. Mama Pacha akaona kwamba asiposema yeye, kesho watoto watapakiwa tena. Akageukia barabara iliyoshuka kuelekea darajani.

"Kama limepona, shemeji, shuka nalo mteremko huu. Ukirudi, nawapakia pacha na mimi napanda, na sitafungua mdomo tena."

Hesabu yake ilikuwa kwamba atakataa. Akikataa, mumewe atajionea mwenyewe, na mambo yataishia hapo. Lakini Spana alicheka.

"Shemeji bwana! Waite kabisa hao watoto wakae tayari."

Akaingia na ovaroli yake, akaondoka.

Taa za breki ziliwaka kabla ya kona. Nyekundu, zote mbili. Gari halikupunguza mwendo. Taa zikazimika, zikawaka, zikazimika, zikawaka, na gari likazidi kukimbia. Breki ya mkono ilikwishakufa zamani. Mama Pacha hakufumba macho hata pale gari lilipovunja ukingo wa daraja. Kishindo kilichelewa kidogo kuwafikia.

Hospitalini mama mkwe hakumwangalia tena usoni. Chakula alichopika Mama Pacha kilirudi na kifuniko chake. "Aliyemtuma ndiye ale," alisema mama mkwe.

Siku Spana alipoweza kuzungumza, alimwita Mama Pacha kwa kidole.

"Shemeji, ulikuwa unaangalia?"

"Nilikuwa naangalia."

"Watu wanasema sikukanyaga. Wanasema nilikuwa najionyesha kwako." Akatafuta pumzi. "Taa ziliwaka?"

"Ziliwaka."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, shemeji."

Akafumba macho, uso ukamlegea kidogo. Mama Pacha akadhani kalala.

"Basi ni mpira," alisema Spana. "Ule unaopitisha mafuta ya breki. Pampu haina kosa. Nikitoka hapa naanza na mpira."

Mama Pacha alitazama blanketi. Miguu ya Spana ilikuwa imeinua vilima viwili upande wa chini, na havikuwa vimesogea tangu alipoletwa.

"Ndiyo," alisema, akimtengenezea mto. "Utaanza na mpira."