Tairi la Kushoto

Tairi la kushoto la tela ya Manyanda lilikuwa linalika upande mmoja tu, ule wa ndani. Nje kashata, yale meno ya mpira, zilikuwa nzima, lakini ndani limekwisha kabisa, nyuzi zinachungulia. La kulia halikuwa na neno. Akafunga jipya, nalo likaliwa vilevile kabla mpunga haujaisha mashambani. Na Manyanda, jamani, alijua kwa nini. Hilo ndilo lililomnyima raha baadaye: hata kusingizia kwamba hakujua hakuweza.

Tela ile ilitengenezwa na Gaspar, fundi wa kuchomelea pale Majimoto, Mfipa mpole asiye na maneno mengi. Manyanda alipofika huko Mpimbwe na ng'ombe wake kutoka Usukumani, hana ndugu wala jamaa, ni Gaspar aliyempa chumba miezi mitatu. Watoto wa Gaspar walimwita baba mdogo. Mwaka tisini na sita, Manyanda aliponunua pikipiki, hakuwaza fundi mwingine. Gaspar akachukua bomba la chuma likawa ekseli, akafunga magurudumu mawili ya pikipiki, akatoa sharti moja tu.

"Magunia manne ya mpunga, basi. La tano ulibebe kichwani."

Wakacheka wote wawili.

Sasa, Manyanda alikuwa na dume lake moja jeupe, analipenda mno. Likavunjika mguu. Mtu mwingine angenoa kisu, watu wakala nyama. Yeye hapana, akataka bwana mifugo wa Majimoto alione. Akaingiza tela kwenye mtaro mpaka ukingo wa mtaro ukawa sawa na kitanda cha tela, akaliongoza dume taratibu likapanda, likajilaza upande wa kushoto. Dume zima, Mungu wangu, kwenye tela ya magunia manne! Akapita njia za mashambani ili asionekane. Karibu na majaruba ya mpunga gurudumu la kushoto likatumbukia shimoni, chuma kikalia kaa! Aliposhuka akaona gurudumu limeinamia ndani kidogo. Akajiambia ni macho yake tu, akaendelea na safari.

Dume halikupona. Na Manyanda hakumwambia mtu, isipokuwa mkewe Minza aliyesaidia kulipakia. Wafugaji wenzake wangesikia kwamba dume lake lilibebwa na pikipiki kama bibi harusi, wangempa jina, na wale wakishakupa jina unazikwa nalo. Kwa aibu hiyo tu alifunga mdomo.

Tairi la pili lilipoisha, akampelekea Gaspar. Fundi akalala chini ya tela, akavuta uzi toka gurudumu hadi gurudumu, akapima mbele, akapima nyuma.

"Ekseli imepinda," akasema. "Ulibeba nini, ndugu yangu?"

"Mpunga."

"Mpunga tu?"

"Haki ya Mungu, mpunga tu. Manne manne, kama ulivyosema."

Gaspar alimtazama kidogo, akatikisa kichwa kukubali. Hakuuliza tena.

"Basi nimekosea mimi," akasema, akijifuta macho, maana yalikuwa mekundu siku zote kwa cheche. Akainyoosha ekseli bure.

Lakini bomba lililokwisha kupinda lina nguvu gani tena? Wiki tatu hazikupita, siku ya mnada, tairi likapasuka katikati ya watu. Gunia la mama mmoja, Getrude, likachanika, mpunga ukamwagika kwenye kinyesi cha ng'ombe. Getrude akapiga kelele: tela gani hii, nani kaiunda? Watu wakajaa. Hapo Manyanda angeweza kusema lolote, au angenyamaza tu, akainama akakusanya mpunga.

"Muulizeni Gaspar," akasema.

Gaspar alikuwa amesimama hapohapo. Toka siku ile ikawa wimbo Majimoto nzima: tela za Gaspar zinakula tairi. Aliyetaka geti akaenda kijiji cha Mamba, aliyetaka jembe la kukokotwa lichomelewe akaenda Mamba. Mwaka haukwisha, Gaspar akafungasha na mkewe Verdiana, wakahamia Magamba kulima.

Miaka miwili Manyanda alikaa na jambo hilo. Lilimkereketa kifuani akila, likamkereketa akichunga. Mwisho Minza akachoka kumtazama. "Nenda ukamwambie, wewe baba. Nani atakusemea?"

Akawasha pikipiki akaenda. Alimkuta Gaspar anapalilia mahindi, amekonda. Gaspar akatupa jembe, akamkumbatia, akamwita Verdiana alete chai. Wakaulizana habari za mvua, za watoto, za mifugo. Manyanda alishika kikombe mpaka chai ikapoa, ndipo akasema. Alisema yote: mguu uliovunjika, mtaro, shimo, kiapo. Hakujitetea hata kidogo.

Gaspar akajifuta macho kwa mkono.

"Mimi nilijua ni macho yangu," akasema hatimaye. "Niliona yamekwisha, nitakuja kuua watu. Hakuna aliyenifukuza Majimoto, bwana. Niliacha mwenyewe." Kisha akaita kwa sauti iliyokwaruza, "Verdiana! Njoo usikie. Manyanda, sema tena."

Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Verdiana alisikiliza amesimama, mikono imeshikilia khanga kiunoni. Manyanda alipomaliza, akaomba msamaha, akasema atafanya lolote, atauza hata ng'ombe, fundi arudi kazini.

"Mashine tumeuza, shemeji," Verdiana akasema. Hakupandisha sauti. "Na kabla hatujahama, huyu alizunguka Majimoto nyumba kwa nyumba. Kila aliyemtengenezea kitu alimwomba radhi, akamwambia akakipimishe kwa fundi mwingine."

Manyanda aliinamisha kichwa. Alijua kinachokuja. Hilo hakuwa amemwambia hata Minza.

"Kwako alikuja mwisho," Verdiana akasema. "Akarudi nyumbani anacheka, siku hiyo ndiyo akala ugali. Akaniambia, Manyanda amenisamehe."