Mkwe Wangu Mbele ya Kamera

Nilipanda treni kwenda kumwomba radhi mkwe wangu. Binti yangu alipoolewa naye, nilisema mbele ya watu kwamba mwanamume anayeishi kwa kuwapikia wake za wenzake si mume, ni kijakazi mwenye ndevu. Mdomo uliponza kichwa. Tangu siku hiyo hakunitumia hata salamu, na sikuweza kumlaumu.

Walikaa uani kwa mzungu mwenye shamba, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Kengele ya jikoni ikilia, mkwe aliacha tonge sahanini akakimbia. Binti yangu alikuwa yaya. Alimbembeleza mtoto wa watu kutwa, na wa kwake alimwachia jirani. Niliyaona hayo yote. Radhi yenyewe kila nikitaka kuisema, kengele inalia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Kesho yake wageni tukawa wawili, na hakupona mtu. Huyo wa pili alikuwa mzungu wa kike mwenye kofia pana na kamera shingoni, anayezunguka nchi akiandika jinsi watu wa kawaida wanavyoishi. Bibi mkubwa, mke wa mwenye shamba, alimleta mpaka chumbani mwetu. Mkwe wangu alikuwa amevaa shati jeupe, amelipiga pasi kwa ajili yangu. Mgeni akalitazama, akatikisa kichwa. Binti yangu ndiye aliyekuwa mkalimani, na alisema huku ameinamisha uso.

"Anataka ukae chini, uvue shati. Kama unavyokuwa ukiwa nyumbani."

"Mama yupo," mkwe akajibu.

Nyumbani! Mtu huyu hata kukohoa mbele yangu huona haya. Bibi mkubwa akatamka neno moja tu, wala sikuhitaji mkalimani. Mkwe akaanza kufungua vifungo.

Niligeukia ukutani nikajifunika khanga usoni. Aibu ilinichoma mpaka masikioni. Laiti ningebaki kwangu, angevuliwa nguo mbele ya wazungu tu.

Picha ilipokwisha kupigwa, mgeni aliuliza jambo huku akininyooshea kidole. Binti yangu akajibu kwa kifupi, na wale wawili wakacheka. Nikamuuliza amewaambia nini.

"Nimewaambia una heshima, mama."

Heshima haichekeshi hivyo. Mgeni akanisogelea, akanipapasa bega kama anayemtuliza mbuzi, akanipa kamera nichungulie nione kwamba ndani hamna kinachouma. Hapo nikajua binti yangu amesema naogopa mashine. Nilipomtazama, akakwepa macho yangu. Na angewaambia wametukosea adabu, yeye na mumewe wangelala wapi?

Basi nikachungulia. Nikashika kifua, nikacheka kama mtu aliyetolewa hofu, na mgeni akafurahi, akaandika.

Walipoondoka, mkwe wangu alimaliza kufunga vifungo. Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua kinywa nimwombe radhi, akaniwahi. Aliinama mbele yangu, macho chini.

"Nisamehe, mama," akasema.