Kiti Chake Nimekifuta

Kwa miaka ishirini na miwili kuna maneno mawili sikuyatamka ndani ya nyumba yangu. Mtu akigonga mlango akimtaka mjukuu wangu, nilijibu "hayupo," au "ametoka," au "mngoje hapo, atatokea." Bado hajarudi, hilo sikulisema. Majirani hawakugundua. Nani ana kazi ya kuchunguza maneno ambayo bibi kizee hayasemi?

Nitaanza mbali kidogo, maana uzi hauvutwi katikati.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kwenye sindano sijaishia popote. Mwaka ule watu wa filamu walipokuja kupiga picha katika nyumba moja kubwa karibu na kwetu, walinichukua niwarekebishie nguo waigizaji. Mwongozaji wao tulimwita Kofia, kwa sababu hakuivua hata akila. Binti yangu, mwanangu wa pekee, alikuwa akija mchana kunisaidia kupiga pasi. Alikuwa na miaka ishirini na moja na mimba ya miezi minne. Aliyempa mimba alikwisha kwenda zake. Simtaji, asije akajiona mtu.

Filamu yenyewe ilihusu baba tajiri aliyemfukuza binti yake, kisha kila siku akawa anakaa mezani akimsubiri. Baba huyo aliigizwa na staa hasa, mtu ambaye akipita barabarani watoto wanamfuata. Siku moja msichana aliyepangwa kuwa mtumishi wa ile nyumba hakutokea. Kofia akatazama huku na huku, akamwona mwanangu na pasi mkononi.

"Wewe, unaweza kubeba chai bila kuimwaga?"

"Kubeba naweza," akamjibu. "Kumwaga ndiko sijajifunza."

Watu wakacheka. Akapewa kazi yake: mzee atauliza kama binti amerudi, yeye ajibu, "Bado hajarudi, mzee," aweke kikombe, atoke. Basi. Nikamfumulia aproni kiunoni ili tumbo lisionekane, nikapiga bandi, ule mshono wa muda, upesi upesi.

Nilisimama nyuma ya taa. Mwanangu akaingia, akaweka kikombe. Mzee akauliza. "Bado hajarudi, mzee." Kisha badala ya kutoka akazunguka meza mpaka kwenye kiti kitupu cha yule binti. Akashika pindo la aproni, akakifuta, mgongo wa kiti kwanza, halafu pale pa kukalia, polepole, kama unavyomfuta mtoto uso. Akakisogeza mezani. Akamtazama mzee na kusema, "Lakini kiti chake nimekifuta." Akaenda zake.

Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Staa alitakiwa akae amekunja uso, lakini alijifunika kwa mikono yote miwili. Baadaye alinifuata penye pasi.

"Mama, binti yako amenimaliza. Miezi miwili nalia humu ndani, kaja yeye na aproni kanifuta mimi pamoja na kiti."

Nikamuuliza mwanangu, lile la kiti alilitoa wapi?

"Kwako," akasema, anakunja mashati wala hanitazami. "Tulipogombana juu ya hii mimba nikaenda kulala kwa shangazi wiki nzima. Niliporudi nilikuta kitanda changu kina shuka safi. Wala hukusema kitu."

Sikujua kwamba aliona.

Sasa, siku zile zote jenereta lilikuwa likinguruma nje, na sauti walizonasa pale hazikufaa kitu. Utaratibu wao ulikuwa huo: picha kwanza, kisha waigizaji wanaitwa studio mmoja mmoja, wanatazama midomo yao kwenye skrini na kuyasema maneno upya. Mwanangu alipoitwa hakuwepo. Alifariki siku aliyojifungua, damu ilikataa kusimama. Nilitoka hospitali na mtoto mkono huu, na mkono huu mfuko wa nguo zake.

Wiki ya saba baada ya msiba Kofia akabisha hodi. Alikuwa amevua kofia, ameishika mkononi, nikajua ana shida kubwa.

"Mama, nisamehe kwa ninalokuja nalo. Pale penye kiti hapana sauti. Nitafute msichana mwingine amsemee, au nikikate kipande kile kabisa. Au..." akaizungusha kofia mkononi. "Kwenye simu nilikuwa siwatofautishi, wewe na yeye."

Nikamwelewa kabla hajamaliza. Mwanangu hakuacha picha nyingine inayotembea duniani. Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda.

Chumba cha studio kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa sponji, na fundi sauti yuko upande wa pili wa kioo. Akaniwekea picha. Mwanangu akaingia na chai. Mzima kabisa. Midomo yake ikacheza bila sauti, mimi nikatakiwa niijaze.

Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya nne fundi akasema, "Mama, punguza miaka kidogo." Mara ya tisa Kofia akasema kwa upole, "Mama yangu, usilie. Yule pale halii." Kweli, hakuwa analia. Mara ya kumi na moja nikasema kikavu kabisa, kama mtu anayetaja bei ya vifungo. Bado hajarudi, mzee. Lakini kiti chake nimekifuta. Fundi akainua kidole gumba. Tangu saa hiyo sikuyataka tena yale maneno.

Filamu ilipotoka, watu walimsahau staa wakamkumbuka mtumishi. Dakika moja na nusu! Mitaani mtu akichelewa kazini wenzake wanamwambia, "Karibu bwana, kiti chako tumekifuta." Na wote wanasema jambo moja: ile sauti. Jamani, ile sauti.

Mjukuu wangu alipokuwa na miaka mitatu aliiona kwa jirani. Akaenda mpaka kwenye televisheni akabandika kiganja. "Bibi, mama anaongea!"

Nikasema, "Eh, anaongea."

Huo ndio uongo wangu wote. Nilidhani ni bandi tu, ya kushikilia kitambaa mpaka nipate nafasi ya kushona vizuri. Akifika miaka saba nitamwambia. Akifika kumi. Alipofika kumi na tano alikuwa ameiweka kwenye simu, akiwa na mtihani anaisikiliza, akiumwa anaisikiliza. Siku ya kwanza ya kazi kwenye duka la dawa nilimsikia bafuni anamwambia mama yake aendelee kukifuta. Utaufumua vipi mshono wa namna hiyo na mtu yumo ndani ya nguo?

Mwezi uliopita, saa kumi alasiri, nilikuwa natia pindo gauni la harusi, pini mdomoni. Mama wa nyumba ya chini akaita kutoka kwenye ngazi.

"Bibi we! Mjukuu yupo? Simu yangu imegoma tena!"

Akili yangu yote ilikuwa kwenye lile pindo. Nikazitoa pini mdomoni na kusema, "Bado hajarudi."

"Haya, maliza basi!" akacheka yule mama. "Kiti chake umekifuta?"

Alikuwa anatania tu, kama watu wote wanavyotania. Lakini kicheko chake kilikatika, nikasikia anasema, "Kumbe huyu hapa nyuma yangu! Mbona umeganda hivyo, mwanangu?"

Mjukuu wangu alipanda ngazi zilizobaki. Akasimama mlangoni, mkoba begani.

"Bibi, sema tena."

"Niseme nini?"

"Ulivyosema sasa hivi."

"Nimesema hujarudi. Ingia, chai ipo."

"Bibi." Alikuwa na macho ya mama yake siku ile ya shuka. "Sema kama ulivyosema."

Nikasema. Sauti yangu imezeeka, imeota kutu, lakini yale maneno kayasikia mara elfu, na sikio halidanganyiki. Akakaa sakafuni hapohapo, kwenye mabaki ya vitambaa. Nikamweleza yote: jenereta, Kofia, mara kumi na moja. Na kwamba yeye mwenyewe alikuwa mgongoni kwangu amelala.

Hakunifokea. Heri angefoka.

"Kwa hiyo sijawahi kumsikia," akasema. "Hata mara moja."

Akatoa simu, akaweka pale pa kiti, akaizima sauti. Tukatazama wote wawili. Mwanangu akaingia kimya, akaweka kikombe kimya. Kabla ya kugusa kiti mabega yake yalipanda kidogo yakashuka.

"Hiyo pumzi ni yako?"

"Hapana. Hiyo ni yake."

Akairudisha nyuma. Mabega yakapanda, yakashuka. Akairudisha tena.

"Alikuwa na sauti gani, Bibi? Niambie wewe."

Nikafungua mdomo nimwambie. Nikamtafuta mwanangu akinijibu juu ya kumwaga chai, akiniita niamke, akiimba kwenye pasi. Nikayapata maneno yote, hakuna lililopotea. Lakini kila neno nililolishika lilikuja na sauti yangu mimi, ile ya studio. Miaka ishirini na miwili nimemsikia kwa mdomo wangu, na sikujua lini nilimfunika.

"Sijui," nikasema. "Mjukuu wangu, sijui tena. Wewe ndiye uliyemsikia vizuri kuliko sisi sote. Siku ile anakifuta, ulikuwa humo, chini ya aproni."

Akaisimamisha picha, kidole kikiwa juu ya kioo, mama yake amesimama na pindo mkononi.

"Na mimi sikumbuki," akasema.

Nikasogeza mabaki ya vitambaa, nikakaa chini karibu naye.