Ubani wa Darasa la Tano

Mwalimu Abrahman alikuwa mkuu wa skuli moja ya msingi huko Mwanakwerekwe, na sayansi aliijua kwa njia moja tu: iimbwe. Mtoto akiimba "msambao ni mwendo wa chembechembe kutoka penye nyingi kwenda penye chache" bila kukwama, huyo kaelimika, hata kama chembechembe zenyewe anadhani ni chenga za mchele. Bingwa wa kuimbisha alikuwa Mwalimu Khatib wa darasa la sita. Ukipita nje ya darasa lake ungedhani kuna gwaride.

Mwalimu Shemsa wa darasa la tano hakuzipenda nyimbo hizo. Yeye alitaka watoto waone, waguse, wanuse, kisha waulize. Mtoto akimletea jambo, humrudishia swali: "Umejuaje?" Jua linaizunguka dunia? Umejuaje? Ayoub kaniibia kalamu? Umejuaje? Wazazi wawili watatu walishakuja kulalamika kwamba nyumbani hawana raha tena, mama akisema wali umekwisha anaulizwa kajuaje.

"Kesho anakuja mkaguzi," Mwalimu Abrahman alimwambia siku moja mchana, kiganja kakishikiza shavuni na uso kaukunja. "Nkiona vurugu, sayansi ya tano anaichukua Khatib. Wewe utakwenda kwa wale wadogo wa awali, ukawafunge vifungo."

Shemsa aliitikia kwa adabu, akatoka, akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji mpaka machozi yalipomkauka. Darasa lile alilipenda kuliko alivyotaka watu wajue.

Asubuhi akamwomba mama yake chetezo, na udi kidogo wa kufukiza darasani ili watoto waone harufu inavyosafiri. Mama mtu alimtazama kama kaombwa figo.

"Udi wangu? Kwa watoto wa skuli na majasho yao? Chukua ubani huo hapo, nao unanukia."

Shemsa akauchukua, asiwaze mara mbili. Na hapo ndipo alipovuruga. Mtu aliyezaliwa Unguja akakulia Unguja anajua kwamba udi ni wa harusi, wa nguo na wa chumba cha mgeni, lakini ubani ukifuka asubuhi mahali usipozoeleka, mtu hujiuliza ni dua, hitima au maiti. Yeye kichwa kilimjaa chembechembe.

Mkaguzi alikuwa hajafika, na mwalimu mkuu naye hakuonekana, jambo ambalo si kawaida yake. Shemsa akaona aanze tu, muda usije ukapotea. Akaweka chetezo juu ya meza, akawaambia watoto wafumbe macho, na kila atakayesikia harufu anyooshe mkono.

Akatia ubani kwenye makaa. Mikono ya safu ya mbele ikapanda. Kisha ya pili yake. Ikaendelea kupanda kuelekea nyuma, taratibu, safu kwa safu, hadi Ayoub aliyekaa ukutani, ambaye mafua hayambanduki, naye akanyoosha wake. Walipofumbua macho wakaona msitu wa mikono, wakapiga makofi wenyewe bila kuamrishwa. Shemsa alifurahi mpaka akacheka peke yake.

"Mwalimu," akauliza Sumaiya, binti mwembamba asiyejua kunong'ona, "ikishafika ukutani inasimama?"

"Haisimami. Inatoka nje, inaendelea."

Alisema kweli. Madirisha yalikuwa na nondo tu, na upepo ulikuwa unavuma vizuri.

Ng'ambo ya njia aliishi Bi Mwanakheir, mwanamke ambaye hapitwi na maziko. Alikuwa anapeta mchele. Ubani ukamfikia, akasimamisha ungo, akanusa upande huu na upande ule, akatazama skuli. Gari ya mwalimu mkuu haipo. Na jana kwa macho yake kamwona kashika shavu, uso umemsawijika. Bi Mwanakheir akaweka ungo chini, akavuta kanga kichwani.

"Mwalimu Abrahman katutoka," akamwambia jirani yake juu ya ukuta.

Jirani akamwambia muuza mbogamboga. Muuza mbogamboga akampigia simu mumewe, na mumewe akampa pole Mwalimu Khatib kwa simu. Khatib, kwa uzito wa mtu anayeijua nafasi yake, akapita darasa moja hadi jengine akitangaza.

Alipofika mlango wa darasa la tano moshi ulikuwa umeshakwisha.

"Inna lillahi," akasema. "Mwalimu mkuu hatunaye."

Shemsa akakaa kitini. Moshi kaufukiza mwenyewe, habari imezunguka mtaa mzima ikamrudia mlangoni, naye akaipokea kama ngeni. Akamkumbuka yule mtu na ukali wake, na jinsi alivyokuwa akisimama getini asubuhi kuwafunga watoto kamba za viatu akidhani hakuna anayemwona, akalia kwa sauti. Watoto walipomwona wakaangua kilio nao.

Uwanjani jamvi lilikuwa limeshatandikwa. Wanawake upande mmoja, wanaume upande mwengine, na mzee mmoja kashaanza kuuliza kaburi linachimbwa wapi. Mkaguzi, Bwana Matar, akaingia getini na mkoba wake. Akaona hali, akavua viatu, akaketi, akanyanyua mikono kusoma Fatiha pamoja na watu. Khatib akamsogelea kumpokea, akamkaribisha ofisini, akaketi katika kiti cha mwalimu mkuu ili mgeni asione ofisi haina mtu.

Shemsa alikuwa kawaleta watoto wa darasa lake, wasitapakae uwanjani, na kuwakalisha mlangoni mwa ofisi hiyo.

"Msiba umetokea alfajiri," Khatib alikuwa anamwelezea mkaguzi. "Ghafla tu."

"Umejuaje?" sauti ikatoka mlangoni. Ilikuwa ya Sumaiya, na makamasi bado yanamtiririka.

"Mtoto wewe, huna adabu!"

"Mwache," akasema Bwana Matar. "Umejuaje, mwalimu?"

Khatib alijua kwa mume wa muuza mbogamboga. Muuza mbogamboga, alipoitwa, alisema kajua kwa jirani. Jirani alijua kwa Bi Mwanakheir.

"Mie nliusikia ubani," akasema Bi Mwanakheir akijifuta macho. "Ubani wa maiti, unatoka humu humu skuli. Ntakosea mie?"

"Unatoka dirisha gani, bibi?" Sumaiya akauliza.

Bi Mwanakheir akaonyesha kwa kidole. Darasa la tano zima likageuka kumtazama mwalimu wao.

Shemsa akasogea mbele kujieleza. Kabla hajaanza, gari ikasimama getini. Mwalimu Abrahman akashuka, shavu limevimba upande mmoja, pamba imemjaa mdomoni. Alikuwa kang'olewa jino mjini na hakumuaga mtu, maana koleo analiogopa na hakutaka ijulikane. Kuona umati na jamvi, akaharakisha ili naye awahi kutoa pole.

Nani aliyepiga ukelele wa kwanza haijulikani. Bi Mwanakheir alijitupa nyuma ya wenziwe. Mzee wa kaburi alisoma kila alichokikumbuka. Mwalimu Abrahman akapenya katikati yao akiuliza kwa mikono nani kafa, mpaka akafika ofisini na kumkuta Khatib katika kiti chake.

Bwana Matar akamweleza yote. Mwalimu Abrahman akatoa pamba mdomoni.

"Khatib, kiti hakijapoa hata?"

"Nlikuwa nakushikia tu, mwalimu."

Mkuu akamgeukia Shemsa. "Na wewe, mwenye ubani. Wewe pia uliamini?"

"Nliamini, mwalimu," Shemsa akasema, macho chini. "Nkalia. Wala skuuliza." Hilo ndilo lililomuumiza kuliko darasa kumponyoka. Sasa alingoja tu kuambiwa ya vifungo.

Mwalimu Abrahman alimtazama yale macho mekundu, akatazama kiti chake, akatazama umati uwanjani.

"Watu wazima wote hawa mlikuwa tayari kunizika," akasema kwa tabu, ulimi mzito kwa ganzi. "Aliyeuliza ni mmoja, na huyo umemfundisha wewe. Sayansi ibaki kwako. Khatib, wale wadogo wa awali wanahitaji mtu wa kuwafunga vifungo."

Khatib akainuka kitini. Shemsa akashukuru.

"Ila siku nyengine," mkuu akaendelea, "nunua udi. Nitakulipia mimi. Angalau watu wadhani naoa."

"Hapo," akasema Bwana Matar, akichukua mkoba wake, "jamvi halitakuwa la bure. Mkeo atakuzika kweli."