Mafuta ya Nazi Ndani ya Bunduki ya Harub

Haya nitakayoyasema ni kweli tupu, na ningeapa kiapo kizito kabisa, ila mke wangu Tahira kanikataza kuapa kabla sijafikiri, na sababu yake mtaiona wenyewe. Basi naapa nikiwa nimeshafikiri: ni kweli tangu mwanzo mpaka mwisho, isipokuwa ile ya nzi wa Bidiya, ambayo nayo ni kweli kwa sehemu kubwa.

Mimi na Harub tunakusanya bunduki za upepo. Si zile za kutishia njiwa. Sisi twataka zilizotengenezwa chache, kila moja imechongwa nambari yake, kisha kiwanda kikafunga mlango. Na lazima ziwe za springi. Za chupa ya gesi hatuzitaki. Harub husema hizo zinapumua kwa mashine, kama mgonjwa. Ya springi unaukunja mtutu kwa mkono wako, unaisikia springi ikijikaza mpaka begani, na ukifyatua, pistoni inaisukuma hewa na hewa inaisukuma risasi. Kila Ijumaa baada ya sala, Harub hutoka Izki akaja shambani kwangu hapa Ibra. Tunatundika kartoni baina ya mitende, tunalinganisha: ipi inaruka mkononi, ipi inalia kama mlango mbovu, ipi inakohoa kwa adabu.

Ya Harub ndiyo bwana harusi wao. Kitako cha mti wa jozi, na ziko mia tatu tu duniani. Mimi ninayo dada yake, ya kiwanda kile kile, chuma kile kile, lakini toleo lililotangulia. Tahira huiita mke mwenzake, kwa kuwa naipangusa kila jioni na yeye hajapanguswa tangu harusi.

Mwezi wa Rajabu Harub akaenda Umra. Nyumba yake imejaa wajukuu wenye vidole virefu, kwa hivyo bunduki akaileta kwangu, imefungwa kwa shuka la pamba.

"Hood, yakhe, hii amana," akaniambia. "Usiipige. Iache ilale."

"Italala kama mtoto," nikamwambia.

Haikulala. Niliifungua niitazame tu. Nikaitazama, nikaukunja mtutu, nikasikia springi inalia kidogo, nikaona vibaya kumwachia mwenzangu kitu kinacholia. Na sisi watu wa Unguja tuliohamia huku jangwani, mguu ukiteguka, kisigino kikipasuka, mtoto akichelewa kutembea, dawa ni mafuta ya nazi. Nikachukua chupa ya Tahira ya kupakia nywele, nikaidondoshea pale hewa inapotokea. Mwenye elimu angejua kuwa hewa ikibanwa ghafla hupata moto, na mafuta yakipata moto hayakai kimya. Mimi kila ninachokijua nimejifundisha mwenyewe, na hapo nilikuwa sijafika.

Nikafyatua mara moja kuijaribu, ikaripuka. Njiwa wa mtaa mzima wakaruka, moshi wa buluu ukatoka mtutuni, shamba lote likanuka kaimati zinazokaangwa. Jirani akachungulia juu ya ukuta akauliza kama tunaoza binti. Nilipoukunja mtutu tena, ukaning'inia kama mkono wa mtu aliyezimia. Springi imekatika.

Nikaifungua dada yake, nikaitoa springi yake nzima, nikampandikizia mgonjwa, kama anayemtolea nduguye figo. Nikapangusa kila mahali. Nikaifunga kwa shuka lile lile, mikunjo ile ile. Kazi safi. Ila tangu hapo, kila nikisujudu nililiona shuka.

Harub alirudi kichwa kimenyolewa, mkononi kidumu cha maji ya zamzam, chote changu mimi. Tukakaa majlisi, chumba cha wageni, Tahira anamimina kahawa.

"Uliigusa?" Harub akauliza, anacheka. Alikuwa anatania. Ningetikisa kichwa tu, angeridhika.

"Wallahi l-adhim," nikasema, "sijaitoa hata kwenye shuka."

Tahira akainua macho, akayateremsha.

"Najua," akasema Harub. "Kule mbele ya Kaaba nilikutaja. Nilisema, ya Rabbi, ninaye mtu mmoja ambaye nikimwachia kitu, nakikuta kama nilivyokiacha." Akaweka kikombe chini. "Wanangu wote wako mbali, Hood, na hawasikilizani. Nataka uwe wasii wangu. Nikifa, wewe ndiye uwagawie mali."

Ningesema kweli pale pale. Badala yake nikasema inshallah, kisha nikamsimulia nzi wa Bidiya, vipi nilimdungua mdomoni mwa ngamia na ngamia asiache kutafuna. Harub akacheka mpaka akafuta machozi. Kila alipocheka mimi nilizidi kupungua.

Tukatoka nje shambani, Tahira akatufuata. Akaifungua bunduki yake taratibu, akalenga kartoni, akafyatua. Risasi ikaenda vizuri. Lakini nyuma yake ukatoka moshi mwembamba, na Harub akanusa. Akaukunja mtutu, akautia puani kama anayechagua samli sokoni Nizwa.

"Hood. Mbona yanuka kaimati?"

"Jirani anapika."

"Anapika ndani ya mtutu wangu?"

Nikaenda kuinyoosha kartoni.

"Haya, lete yako tulinganishe."

"Yangu ina homa," nikasema.

Akaingia stoo mwenyewe, akaitoa, akaukunja mtutu. Ukaning'inia. Akasimama kati ya mitende, dada mkono huu, kaka mkono huu, na nikaona usoni mwake kuwa ameelewa.

"Uliapa," akasema polepole.

Nikamtazama Tahira.

"Usinitazame mimi," akasema. "Kaapa, shemegi, nikiwa hapo hapo na birika mkononi. Na chupa yangu ya mafuta imepungua."

Nikayasema yote, mpaka mikunjo ya shuka. Harub akasikiliza hadi mwisho.

"Springi hununuliwa," akasema. "Ungenambia imekatika, ningekutukana mpaka Maghribi, kisha tungekula. Lakini mimi, Hood, nilikutaja kule." Bora angenitukana.

"Nitafunga siku tatu," nikasema. "Kafara ya kiapo."

"Kufunga ni kwa asiyeweza kulisha. Wewe una pensheni na mbuzi. Maskini kumi, na upike kwa mkono wako."

Nikampa na dada yake, nimeifunga kwa shuka langu jipya. Nilitarajia atakataa. Hakukataa.

Ijumaa iliyofuata nilisimama juu ya sufuria, moshi wa kuni machoni. Wakaja vibarua wa mashambani, wakaja wajane wawili wa mtaa wa nyuma, na Harub akakaa mkekani na tasbihi, kila sahani ikipita anasogeza punje. Juu ya wasia hakusema neno. Alisema pilau haina chumvi.

Wa kumi alipomaliza kula akauliza ile kartoni yenye matundu ni ya nini.

"Hiyo," nikasema, "siku moja kule Bidiya, wallahi..."

Harub akainua kidole. "Bila kiapo."

Nikafikiri. "Siku moja kule Bidiya nilimpiga risasi nzi, karibu na ngamia."

"Ukampata?"

Wote walikuwa wananitazama, na Tahira mlangoni.

"Nilimkosa," nikasema.

Harub akasogea kidogo mkekani, nikapata pa kukaa.