Ufunguo Uliokubali Pikipiki Mbili

Pasikali alitoka wodi ya wazazi pale Kabanga akiwa hajui acheke au alie. Mkewe Esteri alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kike, wa kwanza kwao, na mama mkwe alishamtuma Kasulu mjini akanunue khanga na chupa ya chai. Akaenda moja kwa moja kwenye pikipiki nyekundu iliyoegeshwa karibu na ua, akachomeka ufunguo. Uligoma kidogo, kama kawaida yake. Akautikisa, taa ikawaka, akapiga kiki na kuondoka.

Hakufika mbali kabla mambo hayajaanza kumchanganya. Kioo cha kushoto kilimwonyesha bega lake badala ya barabara. Breki ilishika ghafla mno. Akapigia mbuzi honi, ikalia kwa sauti nyembamba asiyoijua.

"Ni usingizi," akajiambia.

Kisha akatazama mshale wa mafuta. Jana alitoka Kibondo, na pikipiki iliingia Kabanga ikikohoa, tangi limekauka. Leo mshale ulikuwa katikati. Nani kamwekea mafuta? Au alipita sheli mwenyewe, akasahau? Kadiri alivyojaribu kukumbuka, ndivyo alivyozidi kutojiamini.

Alinunua vitu alivyotumwa, akapitia gereji kwa Saady, fundi ambaye yeye Pasikali humsumbua mara kwa mara kwa sababu ya ufunguo huohuo.

"Saady, hebu niangalizie. Nadhani mshale wa mafuta umekufa."

"Fungua tangi tuone."

Pasikali akaingiza ufunguo kwenye kifuniko. Ukakataa. Akautikisa, akaugeuza, ukakataa katakata. Saady akamtazama.

"Ufunguo ni wako?"

"Wangu."

"Na pikipiki?"

"Nimetoka nayo Kibondo, wewe!"

Saady akazunguka nyuma, akainama kwenye kibao cha namba. "Hii siyo namba yako, kaka."

Pasikali akaisoma, akafumba macho, akaisoma tena. "Wamenibadilishia kibao?"

"Hakuna aliyebadilisha kitu. Umechukua pikipiki ya mtu."

"Lakini imewaka!"

"Ufunguo wako meno yameisha, na swichi ya huyu nayo imechoka. Ikishachoka hivi, hata bisibisi inaiwasha. Kifuniko cha tangi hakifunguliwi kila saa, ndiyo maana chenyewe bado kinamjua mwenyewe."

Pasikali akatazama huku na huku. Alishaona jinsi watu wanavyomfanya mtu anayekutwa na pikipiki isiyo yake. "Niiache hapa, nipande gari?"

"Ukiiacha hapa, mwizi nitakuwa mimi. Twende, nakusindikiza."

Walipofika Kabanga, madereva wa bodaboda walikuwa wamemzunguka mwanamke aliyevaa kitenge cha kijani. "Ile pale!" mmoja akapiga kelele, na kundi zima likageuka. Pasikali akazima, akashuka na kuinua mikono.

"Nisameheni. Nilidhani yangu. Mke wangu amejifungua, sijalala..."

"Wezi wote ndivyo wanavyosema!" kijana mmoja akamkamata ukosi wa shati.

"Mwache," yule mwanamke akasema. Alikuwa Uwimana, mkulima wa Muyama, aliyemleta mama yake kufungwa kidonda. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa umepotea kama wa Pasikali. "Mana yanje, Mungu wangu! Hata mimi nimeiwasha hii iliyobaki hapa. Ufunguo wangu umeikubali. Imeniendesha mpaka getini, ikazima, haina mafuta. Nikasema nimerogwa."

Saady akachukua funguo zote mbili, akazijaribu mbele yao. Kila ufunguo uliwasha taa za pikipiki zote mbili. Mtu mmoja akaanza kucheka, wengine wakafuata, na mkono ukaachia ukosi.

"Huwa unaweka nini kwenye swichi?" Saady akamuuliza Pasikali.

"Oili chafu. Ili ilainike."

"Oili inashika vumbi letu hili jekundu, vumbi linasaga meno. Kitasa kizima kinataka kupulizwa, na unga kidogo wa penseli, basi. Vyenu hivi havitibiki tena. Nileteeni niwawekee vipya."

Pasikali akapeleka khanga na chupa wodini. Alipojaribu kumweleza Esteri, maneno yaligongana: yake ikawa ya yule mama, ya yule mama ikawa yake.

"Sijaelewa," Esteri akasema, mtoto akinyonya. "Mliibiana?"

"Hapana. Ndiyo. Hata sijui."

Aliporudi nje, Uwimana alikuwa akimpakia mama yake kwa safari ya Muyama. Saady alikuwa amebaki na pikipiki moja nyekundu, akimsubiri. Pasikali akasimama mbele ya pikipiki, ufunguo mkononi, akasita.

"Sasa hii ndiyo yangu?"

"Soma namba," Saady akamwambia.

Akaisoma kwa sauti, herufi moja moja, huku Saady akiitikia.