Vigae Vyeusi vya Msusi

Wivu hauna adabu. Ukimwingia mtu hauulizi kama ana wageni, wala haujali kwamba anayeonewa wivu ni mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja. Ulimwingia Msusi mchana mmoja alipokwenda kumjulia hali mama yao, aliyekuwa akikaa kwa mdogo wake kwa muda. Akamkuta kizee wa watu kwenye kiti uani, jua la saa saba limewaka, miguu peku juu ya vigae vipya, anachambua mchele na kuimba.

Kuimba! Mama huyohuyo ambaye kwa Msusi alikuwa akijifungia chumbani na kulalamikia magoti.

"Umeuona ua wa mdogo wako?" mama akamuuliza, hata salamu hazijapoa. "Hapa natembea mchana kutwa bila kandambili. Raha mustarehe!"

Msusi akatazama chini. Vigae vyenyewe rangi ya uji, vina mikwaruzo kama vya choo cha shule, hata kung'aa havijui. Njia ya gari nayo, kutoka getini mpaka mlangoni, imepangwa matofali ya zege meupe yasiyo na mbele wala nyuma. Hiki ndicho cha kumwimbisha mtu mzima? "Pazuri, Mama," akasema, na roho ikamuuma kwelikweli.

Mdogo wake alikuwa muuguzi, mwanamke mpole kupita kiasi, na upole nao unaudhi, asikudanganye mtu. Akaleta chai, akakaa, akasema taratibu, "Dada, Mama amesema mwisho wa mwezi, Jumapili, atakuja kwako. Siku hiyo ndiyo atatuambia atakaa wapi moja kwa moja. Tusimlazimishe."

"Nani anamlazimisha?" Msusi akadakia. "Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Mama anapajua kwake."

Lakini njiani alijua moyoni kwamba mama hapajui. Mama kakolewa na ua. Basi kama ni ua, ua atauona.

Kesho yake alifunga saluni mapema, akamburuta mumewe mpaka duka la vigae. Mume alikuwa dereva wa lori, mtu wa maneno machache, na hayo machache mkewe hakuwa akiyasikiliza. Walirudi nyumbani na vipande vya mfano: vyeupe, vya kijivu, vya udongo uliochomwa, na kimoja cheusi tii, kinateleza kama sahani.

"Viweke juani tangu asubuhi," mume akashauri, "halafu mchana uvikanyage. Hapa kwetu jua si la mchezo."

"Wewe jua lori lako. Rangi niachie mimi."

Na kweli rangi ilikuwa kazi yake. Ila kila kazi ina mazoea yake. Saluni kwake, mteja akitaka kupaka nywele rangi, Msusi huzilowesha kwanza; ndipo rangi hujitoa, ndipo unajua kipi kinamkaa mtu na kipi kinamtia uzee. Basi akavipanga vile vipande uani, akachota maji ndoo nzima, akavimwagia. Vyeupe vikawa kama tope. Cha udongo kikafifia. Cheusi, masalaale, kikawaka mpaka akajiona sura. Akavua viatu akakikanyaga. Baridi, baridi tamu!

"Umeona?" akamwambia mumewe.

"Hayo ni maji, mama watoto."

"Maji nini! Una wivu tu."

Mume akashika njia yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga walisema, na yeye hakuwa na nguvu za kurudia kazi ya wahenga.

Fundi naye hakuuliza maswali. Kaambiwa vyeusi, kaweka vyeusi, kuanzia getini, njia ya gari yote, mpaka ukingo wa kibaraza. Siku zote za kazi alivimwagia maji asubuhi na jioni ili saruji ishike. Msusi akirudi kutoka saluni jua likizama hukuta ua umelowa, akavua viatu na kuuzunguka peku, anacheka peke yake. Akaweka kishubaka cha viatu getini. Amri ikatoka: hapiti mtu na viatu, vigae visije vikachunika. Jirani mmoja alikuja kupeleleza, akainama, akajitazama humo na kurekebisha kilemba chake. Msusi aliisimulia habari hiyo saluni wiki nzima, kila kichwa kilichopita mikononi mwake kikaipata.

Jumapili ikafika. Fundi alikwishachukua vifaa vyake akaenda zake. Alfajiri Msusi alipiga magoti, akafuta kigae kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu, kisha akaingia jikoni, na jikoni hakutoka. Mchana gari liliposimama nje alikimbilia kibarazani, akapanua mikono.

"Karibuni! Viatu getini, jamani!"

Mama akavua kandambili zake, akaziweka kwenye kishubaka kama mtoto mtiifu, akaingia. Mdogo mtu naye akavua, akagusa kigae kwa kidole gumba cha mguu na kuruka nyuma. "Dada! Panaunguza!"

Tuliza wivu wako, mdogo wangu, Msusi akawaza.

Lakini mama, aliyekuwa ametangulia, akasimama katikati ya ua. Akainua mguu mmoja. Akaushusha, akainua wa pili, kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Kisha akamtazama mwanawe kibarazani, na ile mikono iliyopanuliwa, na uso ule uliokuwa ukisubiri. Akaishusha miguu yote miwili. Akaanza kutembea, taratibu, anatabasamu.

"Pazuri, mwanangu," akasema. "Panang'aa."

Machozi yalikuwa yakimtiririka.

Msusi akashtuka. Mama anaungua, na hataki kusema, hataki kumuumbua mbele ya mdogo wake! Wivu wote ukamkauka, aibu ikamshika. Kabla hajapata pa kuiweka aibu hiyo, mdogo wake akawa amekwishavaa viatu, kakimbia, kachuchumaa mbele ya mama. "Panda, Mama, nikubebe."

Na wivu ukarudi mbio. Hata hili! Hata hili kaniwahi!

"Niache," mama akamwambia yule mpole. "Mwenye ua yupo."

Msusi aliruka kutoka kibarazani hivyo hivyo, peku. Mamaa! Moto ulimpanda mpaka magotini. Akainama mbele ya mama, akaikunja mikono nyuma. Mama akapanda. Alikuwa mwepesi mno. Lini alikuwa mwepesi hivi? Akamzungushia mwanawe mikono shingoni, akaliinamia sikio lake.

"Kukaa nitakaa kwa mdogo wako," akasema kwa sauti ya chini. "Miguu yangu imezeeka, haiviwezi vigae vyako. Usilie. Mgongo huu wangu ulianza na wewe. Huyo alipozaliwa alikuta umeshaulainisha."

Msusi alilia. Mdogo wake alikuwa ameokota kandambili getini, anamkimbilia nazo. "Dada, hizi hapa, mvalishe Mama ashuke! Utaungua!"

Kibaraza kilikuwa mbele yake, hatua chache tu. Nyayo zilikuwa zikimwaka moto. Mume naye alisimama mlangoni, anampungia mkono aharakishe, jamani, aharakishe.

Msusi akakipa kisogo kibaraza. Akampandisha mama vizuri mgongoni, akampita mdogo wake na kandambili zake mkononi, akafuata njia ya gari kurudi getini, kisha ukutani, akauzunguka ua mzima polepole, ili yule mdogo mtu aone vizuri nani amebebwa na nani.